Maisha ya Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Katika kijitabu hiki cha jubilei mtasoma habari za mapadre, masista na makatekista waliolima shamba la Bwana katika nchi ya Buha. Labda mmoja wenu atauliza kwa nini katikati yao pamewekwa maisha ya mwanamke wa Unguja, tena Mwislamu, ambaye hakuwa mtu wa milima ya Kasulu wala ya Kibondo. Jawabu ni kwamba habari zake zinatuhusu kuliko tunavyodhani. Alizaliwa katika unyonge ambao wazee wetu waliujua, akadharauliwa kwa asili yake na kwa kazi ya mikono yake; na kile alichodharauliwa kwacho ndicho alichokifanya kuwa heshima ya watu wengi. Vijana wa kwaya zetu, wa Muyama na wa misioni nyingine zote, wana la kujifunza kwake.

Zamani njia kuu ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, ikateremka mpaka Bagamoyo. Katika njia hiyo zilipita pembe za ndovu, na walipita wanadamu waliofungwa minyororo. Mapadre Weupe wa kwanza walipofika Ujiji mwanzo wa mwaka wa 1879, biashara hiyo ilikuwa bado haijafa, na miongoni mwa watu wa kwanza waliopata kimbilio katika misioni walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Mwisho wa njia hiyo, ng'ambo ya bahari, ulikuwa mji wa Unguja. Soko lake la watumwa lilifungwa mwaka wa 1873, na hali ya utumwa ilipoteza nguvu ya sheria mwaka wa 1897. Lakini amri ya serikali haiondoi dharau moyoni kwa siku moja. Aliyekuwa mtumwa, na mtoto wake, na mjukuu wake, waliendelea kuonekana watu wa chini katika mji ule.

Katika hali hiyo alizaliwa mtoto wa kike, yapata mwaka wa 1880, katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, yaani watu wa nchi inayopakana na Buha upande wa mashariki. Na mama yake alikuwa wa asili ya Kizigua. Wote wawili walizaliwa kisiwani. Mtoto huyo aliitwa Mtumwa. Msomaji na afikiri kidogo juu ya jina hilo. Kila alipoitwa na mama yake kuja kula, kila alipoitwa na wenzake kwenda kucheza, alikumbushwa jinsi ulimwengu ulivyomhesabu. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mheshimiwa, alilipata baadaye, akiwa mtu mzima, kwa ajili ya kazi yake.

Watu wa nyumba yake walikuwa maskini, wakiishi kwa jembe na kwa ufinyanzi. Mtumwa hakutiwa chuoni, maana siku zile kusoma hakukufikiriwa kuwa kazi ya mtoto wa kike, sembuse mtoto wa watu kama wale. Alijifunza kwa mama yake kuukanda udongo, kuufinyanga, kuuanika na kuuchoma. Kisha alivichukua vyungu mpaka mjini kuviuza. Mtu wa kwetu aliyepata kuwaona mama zetu wakishuka mlimani na vyungu kichwani kwenda sokoni, anaijua taabu hiyo: mzigo ni mzito, njia ni ndefu, na kujikwaa mara moja ni hasara ya kazi ya siku nyingi. Katika kunadi vyungu vyake Mtumwa alipaza sauti, na sauti yenyewe ilikuwa nzuri, yenye nguvu na pumzi ndefu. Wanunuzi walimjua kwa sauti kabla ya kumwona uso.

Aliolewa, lakini ndoa yake haikudumu. Mwaka wa 1911 aliondoka Fumba akahamia mjini kutafuta maisha. Alikuwa amepita umri wa miaka thelathini, hana elimu, hana mali, hana ukoo wa kumtetea. Hata akatokea mtu mmoja, Ali Muhsin, aliyeisikia sauti yake akaitambua thamani yake. Ali alikuwa mmoja wa chama cha wapiga muziki kiitwacho Nadi Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka wa 1905. Akaanza kumfundisha Siti kuimba kwa kufuata ala, na kupiga udi.

Hapa yafaa kueleza muziki huo ulikuwa wa namna gani. Taarabu ilistawi Unguja katika siku za Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka wa 1870 mpaka 1888. Wazee husimulia kwamba alileta wapiga muziki kutoka Misri, tena akampeleka mtu wake, Mohamed Ibrahim, kwenda huko kujifunza. Kwa hiyo taarabu ilikuwa anasa ya jumba la mfalme na ya nyumba za matajiri. Wapigaji walikuwa wanaume, na maneno yalikuwa ya Kiarabu. Mtu wa Ng'ambo, yaani mtaa wa wanyonge uliokuwa ng'ambo ya pili ya hori, aliweza kuisikia sauti ikitoka dirishani, lakini hakuelewa linaloimbwa, wala halikuwa jambo lake.

Siti alijifunza kwanza nyimbo hizo za Kiarabu. Kwa kuwa hakujua kusoma, alizishika kwa sikio, neno kwa neno, mpaka akaweza kuziimba mbele ya wenye lugha yao wasione kosa. Jambo hilo peke yake lingetosha kumpa riziki, na mwingine angekomea hapo, akifurahi kwamba ameingia katika nyumba za wakubwa na ameiacha lugha ya shambani. Siti hakufanya hivyo. Yeye na wenzake walianza kuimba taarabu kwa Kiswahili, lugha ya mama yake, lugha aliyonadia vyungu. Ala zilikuwa zile zile, udi na fidla, ila maneno sasa yalieleweka na mchukuzi, mpishi na mwuza samaki. Hapo ndipo watu wa Ng'ambo walipouona muziki huo kuwa ni wao pia.

Basi wivu haukosi. Walitokea watu wakamtungia wimbo wa kumdhihaki, wakiyataja mavazi yake ya shamba, asili yake na sura yake ambayo hawakuiona kuwa nzuri. Walidhani kwamba akikumbushwa alikotoka ataona haya na kunyamaza. Siti hakugombana, wala hakukana kwamba ni mtoto wa shamba. Aliwajibu kwa wimbo mwingine, akiwaonyesha kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si kitu mtu akikosa akili na adabu. Jibu lake likapendwa kuliko matusi yao, nao waliomdhihaki walisahauliwa.

Nyumba yake Ng'ambo ikawa mahali pa kukutania. Usiku watu walikuja kusikiliza nyimbo, tena kuzungumza habari za mji, na katika habari hizo Siti na wenzake walipata maneno ya nyimbo mpya. Waliimba juu ya mapenzi, kama waimbaji wote wafanyavyo. Lakini waliimba pia juu ya hakimu asiyehukumu kwa haki, na juu ya mwenye cheo aliyekula fedha za watu. Mmoja wa nyimbo zake zilizojulikana mno ulihusu mwanamke aliyeuawa na mtu aitwaye Kijiti. Mwuaji alivuka bahari akatoroka, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliopata adhabu mahakamani. Wanawake maskini hawakuwa na gazeti la kuandika kilio chao, wala hawakuwa na mtu katika baraza. Kilio chao kiliandikwa katika wimbo, na wimbo ukaenea mahali ambapo karatasi isingefika.

Mwaka wa 1928 Siti alisafiri kwa meli mpaka Bombay, katika Bara Hindi, pamoja na wenzake, miongoni mwao Subeti Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruk Talsam, ili sauti zao zitiwe katika sahani za santuri. Sahani hizo zilitolewa na kampuni ya Kiingereza yenye chapa ya His Master's Voice. Zilipofika madukani zilinunuliwa upesi, na makampuni mengine yakafuata kuwatafuta waimbaji wa Kiswahili. Inakadiriwa kwamba kufika mwaka wa 1931 sahani zipatazo 72,000 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Hivyo mwanamke aliyenadi vyungu kwa miguu alisikiwa katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki ambayo hakupata kuiona. Tena watu wa makabila mbalimbali walisikia Kiswahili kikitoka katika mashine ya Ulaya, wakajua kwamba lugha yao ina heshima kama lugha nyingine.

Fahari ya mjini haikumtenga na jirani zake. Aliitwa kuimba katika majumba ya wakuu, akarudi kuimba Ng'ambo. Alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Kabla ya kufa kwake alipata kuonana na Shaaban Robert, mwandishi mashuhuri wa Kiswahili, ambaye aliandika wasifu wake. Nao ulichapwa mwaka wa 1958. Wanawake waliokuja baada yake walifuata njia aliyoifungua. Mmoja wao ni Fatuma binti Baraka, ajulikanaye kama Bi Kidude, aliyeziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni, akafariki mwaka wa 2013. Tena wanahabari wanawake wa Tanzania, walioungana katika chama cha TAMWA mwaka wa 1987, waliliita gazeti lao Sauti ya Siti.

Sasa na turudi kwetu. Wazee wa Kasulu na Kibondo wanakumbuka jinsi vijana wa Buha walivyochukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alihesabiwa kwa namba yake. Wengi walirudi na blanketi na fedha kidogo, na moyoni walirudi na aibu, maana huko walichekwa kwa lafudhi yao na kwa jina la kabila lao. Wako waliowakataza watoto wao kusema Kiha mbele ya wageni. Aibu hiyo haijaisha yote hata leo.

Na katika kanisa letu pia, ni kweli kwamba kwa miaka mingi ngoma zilibaki nje ya mlango. Wakristo wa kwanza waliimba Kilatini ambacho wachache walikielewa, nao waliimba kwa imani, wala hatuwadharau. Lakini mwaka wa 1959 Padre Stephen Mbunga alitoa Misa Baba Yetu kwa muziki wa Kiafrika. Na mwaka wa 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango kwa lugha na muziki wa kila taifa katika Liturjia. Ikawa ngoma ya shambani imeingia mpaka mbele ya altare. Kilichokuwa cha kuonea haya kimekuwa sadaka.

Nabii Yeremia alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi, akaona udongo ulioharibika mkononi ukifanywa chombo kingine. Siti binti Saad alikuwa mfinyanzi wa kweli, naye aliishi na kufa katika dini yake. Lakini Mungu hugawa vipawa vyake kama apendavyo, na sisi yatupasa kuviheshimu popote tuvionapo. Enyi vijana wa kwaya, mnapojiandaa kuimba siku ya jubilei, msiache nyumbani lugha ya mama zenu wala mapigo ya ngoma zenu, mkidhani kwamba Mungu hupendezwa na vya kuazima tu. Na ninyi wazazi na walimu, mkimwona mtoto wa maskini ana sauti njema, msimwulize kwanza ni wa nani. Ali Muhsin hakuuliza hivyo. Alimketisha Siti, akamfundisha.