Ada Lovelace na Mashine Isiyojengwa

Wanachuo watakaopangiwa shule za Buseresere na vijiji vya jirani, wilayani Chato, huenda wakakabidhiwa darasa lenye wanafunzi wengi na kompyuta hata moja isiwepo. Hali hiyo haitoshi kuwa sababu ya kuliahirisha somo. Mwanamke ambaye wengi humhesabu kuwa mtunzi wa kwanza wa programu ya kompyuta hakuwahi kuiona mashine aliyoitungia, kwa maana haikupata kujengwa.

Ada alizaliwa London tarehe 10 Desemba, 1815. Baba yake, mshairi Lord Byron, alitengana na mama yake mtoto akiwa na majuma machache tu, akafia Ugiriki mwaka 1824 pasipo kumwona tena. Mama aliyapenda mahesabu na kuuogopa ushairi. Akamtafutia binti walimu wa hisabati nyumbani, kwani vyuo vikuu vya Uingereza havikuwapokea wanawake. Tukumbuke kwamba binti wa mkulima, hata angekuwa na akili zaidi yake, asingepata mwalimu hata mmoja wa namna hiyo.

Mwaka 1829 Ada aliugua surua, miguu ikapooza. Alikaa kitandani muda mrefu, kisha akatembea kwa magongo, na masomo yakaendelea. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, maana wangali wapo walimu wanaomketisha mtoto mlemavu nyuma ya darasa na kumsahau huko.

Mwaka 1833 alikutana na Charles Babbage, mbunifu wa mashine za kukokotoa. Akaolewa mwaka 1835, akazaa watoto watatu; jina la Lovelace lilitokana na cheo alichopewa mumewe mwaka 1838. Kisha akarudi masomoni, akifundishwa kwa barua na Augustus De Morgan. Bwana huyu aliitambua akili yake, lakini alihofu kuwa hisabati nzito ingeudhuru mwili wa mwanamke!

Mwaka 1843 Ada alitafsiri kutoka Kifaransa makala ya Luigi Menabrea juu ya mashine ya Babbage, akaongeza maelezo yake yaliyoipita makala yenyewe kwa urefu. Alitia sahihi ya herufi tu: A.A.L. Mwishoni alichora jedwali la hatua ambazo mashine ingezifuata kukokotoa namba za Bernoulli. Wapo wanaosema sehemu ya kazi hiyo ni ya Babbage, nao wana hoja. Hata hivyo, sisi twaona kuwa ubora wake umo katika wazo jingine: kwamba mashine ya namna hiyo ingeweza kushughulikia alama zozote zenye kanuni, hata za muziki, wala si namba peke yake.

Jedwali kama lile laweza kuchorwa ubaoni. Mwanafunzi mmoja awe mashine. Wenzake waandike maagizo ya kujumlisha 1 hadi 10, naye atekeleze yaliyoandikwa tu, akihesabu kwa vizibo vya soda. Agizo likikosewa, jibu litakosewa, na darasa litafute kosa liliko. Wasichana watunge maagizo, wasiachiwe kazi ya kufuta ubao. Asiyeona asomewe maagizo au apewe kwa nukta nundu, vizibo avishike mwenyewe.

Ada alifariki kwa saratani ya kizazi tarehe 27 Novemba, 1852, akiwa na umri wa miaka 36. Mwaka 1979 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliipa lugha yake mpya ya kompyuta jina la Ada.