Wild Bill Hickok: Jamaa Aliyedunguliwa na Risasi Akiwa na Ace Mbili na Nane Mbili

Pita base yoyote ya Gatwekera pale Kibera, ama Congo kule Kawangware, siku wasee hawana mjengo. Utapata mbogi imezunguka mtungi umepinduliwa, kadi zinachapwa, na mmoja ashatangaza ako kadi. Hiyo ndio poka wengi wetu tunajua. Mbili na tatu zinalisha, J inaruka, K inarudisha, nane ni swali, ace inaua na kuomba. Wa kwanza kubaki mikono mitupu ndio ameshinda.

Sasa kuna ile poka ingine ya sinema za cowboy, na huko hakuna kumaliza kadi. Unapewa tano, unacheki zimeungana aje, doo inawekwa katikati, na mwenye mkono mzito anabeba zote. Na cha kushangaza, mkono wenye jina kubwa kuliko yote kwa huo mchezo si ule mzito. Ni pea mbili tu, za ace na nane. Jina ulipata kwa maiti ya msee mmoja.

Huyo msee ni James Butler Hickok, dunia nzima ikimuita Wild Bill. Alizaliwa 27 Mei 1837 huko Illinois, Marekani, mtoto wa mkulima. Shamba haikumkalia. Aliendesha magari ya farasi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, akawa mpelelezi wa jeshi la upande wa kaskazini. Vita kuisha akabaki na vitu mbili alikuwa anajua kufanya vizuri: kulenga na kucheza kadi. Ya kwanza alikuwa moto kabisa. Ya pili, tuseme tu alikuwa anapenda kuliko alivyokuwa anaweza.

Julai 1865 alikuwa Springfield, Missouri, na deni ya kadi ikazua noma. Jamaa anaitwa Davis Tutt, walikuwa wameshawahi kuwa marafiki, alidai Hickok ana deni yake ya dola 35. Hickok akasema ni 25. Yaani tofauti ni dola kumi! Tutt akachukua saa ya mfukoni ya Hickok iliyokuwa mezani, akasema ataikalia mpaka alipwe. Hickok akamuonya asionekane akitembea nayo mbele ya watu. Wewe unajua mtaa vile hukuwa, ukimwambia mtu asifanye kitu mbele ya watu ndio anafanya. Tarehe 21 Tutt akatokea uwanjani na saa ya wenyewe. Walisimama mbali kama mita 70 hivi, kila mtu akavuta bastola. Ya Tutt ilikosa. Ya Hickok haikukosa.

Alipelekwa kortini na wazee wa baraza wakamuachilia mwezi uliofuata. 1867 jarida la Harper's likaandika stori yake, na hapo chumvi ikamwagwa gunia nzima: eti ameua mamia ya watu. Haikuwa kweli hata kidogo, lakini jina likashika. Kila mji alioingia kulikuwa na kijana anataka kujipima naye.

Miji ya ng'ombe ikaanza kumuandika kazi ya karao. 1871 alikuwa mkuu wa polisi Abilene, Kansas, mshahara dola 150 kwa mwezi. Usiku wa 5 Oktoba alipigana risasi na mcheza kamari anaitwa Phil Coe, akamdunga. Kabla moshi itulie akasikia mtu anakuja mbio, akageuka na kufyatua. Alikuwa Mike Williams, msaidizi na beshte yake, anakuja kumsaidia. Mike alikufa hapo hapo. Baada ya hiyo usiku hakuna rekodi ya Hickok kumpiga mtu risasi tena, na kabla mwaka uishe Abilene wakamfuta.

Kutoka hapo ni kuteremka tu. Alijaribu jukwaa na Buffalo Bill, akachukia uigizaji. Macho yakaanza kumsaliti. Kule Cheyenne, huyu staa wa magazeti alishtakiwa kwa uzururaji, kesi ile ile vijana wetu wamebebewa mara ngapi. Machi 1876 akaoa Agnes Lake, mama wa sarakasi, halafu baada ya muda mfupi akamuacha nyumbani akaenda kutafuta dhahabu Deadwood. Dhahabu hakupata. Alichopata ni meza ya poka.

Tabia yake ilikuwa kukaa mgongo ukiwa kwa ukuta, ndio aone mlango. Mchana wa 2 Agosti 1876, kwa baa ya Nuttal na Mann, kiti ya ukuta ilikuwa na Charlie Rich. Hickok aliomba wabadilishane, zaidi ya mara moja, wakamcheka. Akakaa mgongo wazi. Jack McCall, aliyekuwa amefilisika kwa hiyo meza siku moja kabla na Hickok akampea pesa ya chakula, akaja nyuma yake na kumpiga risasi ya kichwa. Miaka 39.

Kadi zikaanguka. Stori inasema zilikuwa ace mbili na nane mbili, zote nyeusi. Ya tano watu wanabishana mpaka leo.

Sasa pima huo mkono. Poka inapanga mikono kwa uhaba: ngumu kupata ndio kubwa. Kadi 52 zinatoa mikono 2,598,960 ya tano tano. Zaidi ya nusu haina kitu, unategemea kadi moja kubwa. Halafu pea moja, halafu pea mbili za Hickok, ambazo ziko mara 123,552. Juu yake kuna tatu za namba moja, straiti, yaani tano zinazofuatana, flashi, yaani tano za ua moja, halafu fulhausi, tatu na pea. Nne za namba moja ziko mara 624 pekee. Straiti na flashi kwa pamoja ni 40 tu, na ile inayoishia kwa ace ni nne. Kwa hivyo mkono wa Hickok ulikuwa wa kawaida, ingawa pea mbili zenye ace hazipigwi na pea mbili zingine kirahisi.

Na ukileta hizo kadi Kibera? Nguvu unayo: ace za kuua, nane za kuuliza. Lakini kwa sheria za base nyingi, ace na nane hazimalizi mchezo. Huko pia ungekwama.

Stori ya kadi yenyewe ilitokea kwa kitabu cha Frank Wilstach cha 1926, miaka 50 baadaye. Magazeti ya 1876 hayakuitaja.

McCall naye, wachimba dhahabu wa Deadwood walimuachilia, akaenda akijigamba. Lakini Deadwood ilikuwa kwa ardhi ya Walakota kinyume na mkataba, kwa hivyo hiyo korti haikuwa korti. Akashikwa tena, akahukumiwa Yankton, na akanyongwa 1 Machi 1877.