Filippo Brunelleschi: fundi aliyeifungia elimu kifuani

Wanafunzi wa usanifu wa majumba wapelekwao kusoma Florence, mji ule wa Italia ulioko ukingoni mwa mto Arno, aghalabu hupandishwa vidato 463 kupitia tumboni mwa kuba la kanisa kuu. Ngazi yapita baina ya kuta mbili, moja ya ndani na moja ya nje, na mwanafunzi akisimama kuvuta pumzi aweza kuyapapasa kwa mkono matofali yaliyopangwa mithili ya mifupa ya samaki. Hapo ndipo mwalimu huulizwa suali: kuba hili lilipokuwa likijengwa, ni nini kilicholizuia lisianguke? Mwalimu atajibu, na mwalimu mwengine atajibu vyengine. Karne sita zapita na mabingwa wangali wakijadiliana, kwani aliyelijenga hakuacha kitabu wala mchoro wa kueleza siri yake. Jina lake ni Filippo Brunelleschi.

Alizaliwa papo hapo Florence mwaka 1377. Babake alikuwa mwandishi wa hati za kisheria, mtu wa kalamu na heshima, lakini mtoto alipenda kazi ya mikono. Akatiwa kwa sonara, akajifunza kuyeyusha fedha, kupachika vito na kuchonga sanamu ndogo ndogo. Wasimulizi wasema hata saa alizitengeneza.

Mwaka 1401 chama cha wafanyi biashara wa nguo kilitaka milango ya shaba kwa jumba la ubatizo la mji. Mafundi saba wakashindanishwa. Kila mmoja alipewa shaba, na wote kisa kimoja: Nabii Ibrahim na mwanawe siku ile ya kuchinjwa. Sisi kisa hiki twakikumbuka kila Idi Kubwa, ijapokuwa katika vitabu vyao mwana huyo ni Is-haka, na wengi wa maulamaa wetu wasema ni Ismail. Kadhalika sisi mitume hatuwachongi. Lakini kwa mafundi wale wa Florence huo ndio uliokuwa mtihani, na vibao viwili vimesalia hata leo katika jumba la makumbusho la Bargello, kimoja cha Filippo na cha pili cha kijana mwenziwe, Lorenzo Ghiberti. Cha Filippo kina kishindo: kisu ki shingoni na malaika ameudaka mkono wa baba. Cha Ghiberti ni kilaini zaidi, tena chepesi, kwani kiliokoa kiasi cha kilo saba za shaba. Waamuzi nao walikuwa ni wafanyi biashara.

Ghiberti akashinda. Antonio Manetti, aliyemjua Filippo na kuyaandika maisha yake, asema waamuzi walitaka wawili hao wafanye kazi kwa ubia, naye Filippo akakataa. Ghiberti kwa upande wake aliandika kwamba alishinda bila ya mpinzani. Almuradi jeraha lile halikupona, na mengi yaliyofuatia yalitoka humo.

Filippo akafunga safari kwenda Rumi, pamoja na kijana mdogo kwake aliyekuja kuwa mchongaji mashuhuri, Donatello. Ndiyo safari ya masomo hasa, ijapokuwa hawakuwa na mwalimu. Rumi ya siku zile ilikuwa magofu na mbuzi. Vijana hawa wakawa wakifukua misingi, wakipima nguzo na matao, wakiandika vipimo. Wenyeji waliwadhani ni watafutaji wa mali iliyozikwa. Filippo alikuwa akilitazama kuba la Pantheon, lililojengwa zaidi ya miaka elfu na mia mbili kabla yake.

Jambo jengine alilolifanya miaka hiyo lilibadilisha uchoraji wa Ulaya nzima. Alisimama mlangoni mwa kanisa kuu la Florence, akalichora kwenye ubao mdogo lile jumba la ubatizo lililo mkabala. Akatoboa tundu ubaoni. Mtazamaji huchungulia tunduni kwa nyuma, na kwa mkono wa pili hushika kioo mbele yake, akaiona picha ndani ya kioo sawasawa na jumba lenyewe. Mahali pa mbingu Filippo alitia fedha iliyosuguliwa, hata mawingu ya kweli yakawa yakionekana kupita. Elimu ya macho na nuru haikuanzia kwao. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, alikwisha kuiandika, na kitabu chake kiligeuzwa Kilatini kisha Kitaliana. Ghiberti alipoandika kitabu chake uzeeni alichota mengi kutoka kwa mwanachuoni huyo.

Sasa tuje kwenye kuba. Kanisa kuu lilianzwa mwaka 1296, na wazee wa mji wakaweka nadhiri ya kuba ambalo hapana aliyejua vipi litajengwa. Kufikia wakati wa Filippo kuta zilikuwa tayari, na juu yake uwazi wenye pembe nane, upana wake kiasi cha mita 43, nao u juu zaidi ya mita 50 kutoka sakafuni. Desturi ya waashi ni kusimamisha kwanza kiunzi cha mbao chini ya tao, matofali yakalala juu yake mpaka chokaa ishike. Kwa upana ule, mbao za kutosha zingetoka wapi? Mwaka 1418 ukatangazwa mchuano, na zawadi ya florini 200 za dhahabu.

Filippo akasema atajenga bila ya kiunzi. Wakamtaka aeleze, akakataa. Inasimuliwa kwamba siku moja alitolewa barazani akibebwa kama mwendawazimu. Yasimuliwa pia kwamba aliwataka wenziwe wasimamishe yai juu ya meza ya marumaru. Waliposhindwa, alilibonyeza kitako na likasimama. Wakalalama kwamba hata wao wangaliweza hivyo. Akawaambia kwamba hata kuba wangaliweza, lau angewaonyesha. Kisa hicho kikiwa ni kweli au si kweli, tabia ni yake.

Mwaka 1420 akapewa kazi, lakini si peke yake. Ghiberti akawekwa kuwa mwenziwe, kwa mshahara ule ule! Kazi ikaanza Agosti mwaka huo. Alijenga maganda mawili, moja ndani ya jengine, yakafungwa na minyororo ya mawe na chuma, kama pipa lifungwavyo kwa pete. Matofali aliyapanga kwa ule mtindo wa mifupa ya samaki, kila safu ikiishika ile iliyo chini yake mpaka chokaa ikauke. Mizigo ilipandishwa kwa mtambo aliouvumbua mwenyewe: ng'ombe huzunguka chini, na magurudumu yenye meno hugeuza kamba ipande au ishuke bila ya kuwageuza wanyama. Waashi waliposhindwa kumfahamu aliwachongea mfano katika mboga ya mzizi, mfano wa figili. Humo alikuwa mwalimu mwema.

Kwengine hakuwa mwema. Mnyororo wa mbao ulipofika wakati wake, alijitia mgonjwa akalala kitandani, ili Ghiberti abaki na kazi asiyoijua na aaibike. Waashi walipogoma alileta wageni, kisha akawarudisha wenyeji kwa ujira mdogo zaidi. Vasari, mwandishi wa karne iliyofuata, alisimulia hayo kama ni werevu. Mimi siyasomi hivyo.

Na siri ilikuwa ni dini yake ya pili. Alimuasa Taccola, mhandisi wa mji wa Siena, asiwamwagie watu uvumbuzi wake, kwani wajinga huucheka kisha wakauiba. Mwaka 1421 alipata hati ya serikali ya miaka mitatu kwamba chombo chake kipya cha mtoni kisiigwe. Cha mwigaji kichomwe moto. Watu wakakiita Badalone, yaani dubwana. Mwaka 1428 dubwana likazama mtoni Arno na shehena ya marumaru nyeupe, na hasara ikawa yake. Mwaka 1430 alijaribu kuugeuza mto Serchio uugharikishe mji wa Lucca. Maji yakarudi kwenye kambi ya watu wake. Labda lau angeonyesha hesabu zake kwa mwengine, mtu angalimwambia.

Hakuoa. Mwaka 1419 alimchukua mtoto mdogo, Andrea, aliyeitwa Buggiano, akamlea na kumfunza. Mwaka 1434, kijana akiwa mkubwa, alitoroka na fedha na vito mpaka Naples. Yasemekana alikuwa akidai ujira wake. Papa mwenyewe ilibidi aandike barua arudishwe. Mwaka huo huo chama cha waashi kilimtia Filippo gerezani kwa kutolipa ada, akatolewa baada ya siku kadhaa. Kijana alirudi, akasamehewa, na Filippo akamfanya mrithi wake.

Kuba lilifungwa Agosti 1436, miaka 16 tangu tofali la kwanza. Kwa ajili ya kile kinara cha marumaru cha kileleni alishindanishwa tena, mtu aliyekwisha kulisimamisha kuba, na akashinda tena. Alifariki Aprili 15, 1446, mawe ya kinara yakiwa ndiyo kwanza yaanza. Wengine walikimaliza mwaka 1461, na mpira wa shaba uliopakwa dhahabu ukawekwa juu yake mwaka 1471.

Aliyeichonga sura yake kwa marumaru, ile itazamwayo kanisani hata leo, ni yule Buggiano. Kaburi lenyewe lilipotea machoni mwa watu hadi mwaka 1972, wafukuaji walipolikuta chini ya sakafu ya kanisa, bamba la kawaida tu. Wanafunzi washukao kutoka kileleni huteremka huko kulitazama, na hoja yao ya matofali hawajaimaliza.