Daktari Harvey Cushing na Uvimbe wa Ubongo

Tangu mwaka 2006, Daktari Dilan Ellegala wa Marekani alipoanza kumfundisha daktari msaidizi Emmanuel Mayegga kupasua vichwa katika hospitali ya Waluteri ya Haydom, kazi hiyo si jambo la kusikia tu kwa watu wa Mbulu na Hanang. Jamaa za mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo huuliza neno moja tu, kama atapona. Mtu aliyelitafutia neno hilo jibu la kweli ni Harvey Cushing.

Alizaliwa Cleveland, Marekani, tarehe 8 Aprili 1869. Siku za ujana wake, mtu aliyefunguliwa fuvu kwa ajili ya uvimbe alihesabiwa karibu kuwa maiti: damu isipommaliza, usaha humwua. Cushing hakufanya haraka. Mwaka 1911 alitangaza vibanio vidogo vya fedha vya kuzibia mishipa, na mwaka 1926 akaanza kutumia kisu cha umeme cha Bwana William Bovie. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkali, na wasaidizi wake walionja ukali huo. Juni mwaka ule ule aliletewa habari ya kwamba mwanawe William amekufa kwa ajali ya gari; naye akaenda kumpasua mgonjwa aliyekuwa akimngoja.

Pamoja na Percival Bailey alizipambanua aina za uvimbe. Ule wa utando ufunikao ubongo waweza kung'olewa wote, na mtu akaishi miaka mingi. Lakini upo ulio mkali, unaoingiza mizizi katika ubongo wenyewe kama ndago shambani: mkulima hung'oa azionazo, na zilizobaki udongoni huchipua. Hata leo, pamoja na mionzi na dawa, wengi wa wagonjwa hao hawafikishi miaka miwili.

Hayo Cushing aliyajua kwa kuwa hakumsahau mgonjwa akiisha kutoka mlangoni. Aliwaomba wamwandikie barua kila mwaka, siku ile waliyopasuliwa, wamweleze hali zao. Mwaka 1932 alichapisha kitabu juu ya vimbe 2,000, na waliokufa mikononi mwake hakuwaficha.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 7 Oktoba 1939. Waganga walipoichunguza maiti yake, waliona uvimbe mdogo ndani ya ubongo wake mwenyewe.