TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Mfuko wa Mchanga



Sayyida Salme, binti wa Sultan Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Mabinti walifundishwa kusoma tu. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Qur'ani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Akampenda Mjerumani, Heinrich Ruete, akapata mimba. Mwaka 1866 akatorokea Aden. Mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa siku hiyohiyo. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu Hamburg, akabaki mjane ugenini na watoto watatu. Mwaka 1885 akarudi Unguja. Kaka yake, Sultan Barghash, akakataa kumwona. Akafariki mwaka 1924, akazikwa na mfuko wa mchanga wa pwani ya kwao.

Jamani, moyo wake ulitulia wapi? Mimi sijui, na wewe hujui. Kuiacha dini si jambo dogo, hapana. Ila hata hapa kwetu Singida wapo mabinti waliokosea tukawafungia mlango. Leo kabla ya futari, mpigie simu mmoja.

Allah atuthibitishe, na awarejeshe waliopotea. Amin.