Harry Hess: Nahodha aliyefumbua siri ya milima ya baharini

WAKATI wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nahodha wa meli ya kubebea wanajeshi wa Marekani, Cape Johnson, hakuzima chombo chake cha kupima kina cha bahari kwa mwangwi, hata alipokuwa mbali na ufuo.

Huyo alikuwa Harry Hammond Hess, mtaalamu wa jiolojia aliyezaliwa New York mnamo 1906. Baada ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Yale, alitafuta madini katika nchi ambayo leo ni Zambia, kisha akapata shahada ya uzamifu Princeton mnamo 1932 na baadaye kufunza huko.

Katika Bahari ya Pasifiki, chombo hicho kilimwonyesha milima iliyozama, vilele vyake vikiwa bapa kama meza. Mnamo 1946 alichapisha maelezo kuhusu milima 160 ya aina hiyo, akaiita guyot kwa heshima ya Arnold Guyot, msomi mzaliwa wa Uswisi aliyefunza Princeton. Alieleza kuwa vilikuwa visiwa vya volkeno vilivyosawazishwa na mawimbi.

Lakini vilizamaje? Hess alidhani ni vikongwe mno, na kwamba mashapo yaliyorundikana sakafuni ndiyo yaliyoinua maji. Msafara wa utafiti wa 1950 uliopoa visukuku vilivyoonyesha umri wa takriban miaka milioni 100 tu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Hess aliiacha dhana yake.

Mnamo 1962 alitoa nyingine. Mawe moto hupanda kutoka chini kwenye safu za milima katikati ya bahari, yakaunda sakafu mpya inayosogea pande zote mbili, na hatimaye kudidimia katika mahandaki ya bahari. Volkeno huchukuliwa na sakafu hiyo, na kadiri inavyopoa na kushuka, ndivyo kilele kinavyozama. Mwaka uliofuata, J. Tuzo Wilson alieleza mlolongo wa Hawaii: sakafu hupita juu ya kitovu cha joto, mlima baada ya mlima ukizaliwa.

Wengi walimshuku Hess hadi vipimo vya sumaku vya sakafu ya bahari vilipomuunga mkono.

Alifariki Agosti 25, 1969, akiongoza mkutano wa wanasayansi wa anga za juu huko Woods Hole, mwezi mmoja baada ya binadamu kukanyaga mwezi. Hata leo, sehemu kubwa ya sakafu ya bahari haijapimwa na meli.