ARNE ZETTERSTRÖM, MZAMIAJI WA HIDROJENI

Wandugu wanafunzi, katika somo la kemia tunafundishwa kwamba hidrojeni na oksijeni zikichanganyika, cheche moja tu inatosha kuzilipua. Basi kulikuwa mtu mmoja aliyevuta mchanganyiko huo ndani ya mapafu yake, chini kabisa ya maji. Jina lake Arne Zetterström.

Alizaliwa mwaka wa 1917 kule Uswidi. Alisoma uinjinia Stockholm, kisha akatumika pamoja na jeshi la majini. Siku zile wazamiaji walikuwa na shida: wakipita metre 30 na hewa ya kawaida, azoti inaanza kuwalevya kama pombe. Heli ingefaa, lakini ilitoka Marekani, na ilikuwa wakati wa vita. Zetterström akachagua hidrojeni.

Alifanya hesabu yake vizuri. Oksijeni isipopita 4 kwa 100, mchanganyiko haulipuki. Lakini 4 inatosha kwa uhai? Huku juu tunavuta 21. Sasa, kila metre 10 za maji zinaongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye metre 30 uzito ni mara 4. Basi 4 mara 4 ni 16, mtu anaishi. Kwenye metre 10 ni 8 tu, anazimia. Kwa hiyo alishuka na hewa ya kawaida mpaka metre 30, akavuta kwanza azoti yenye oksijeni kidogo, ndipo hidrojeni, ili hiyo isikutane na hewa.

Hidrojeni ina taabu zingine. Inapitisha joto karibu mara 7 kuliko hewa, kwa hiyo inaiba joto la mwili. Tena inafanya sauti kuwa nyembamba, hata kusikilizana kwa telefone ni vigumu.

Tarehe 7 Agosti 1945, katika bahari ya Baltiki, alifika metre 160. Gesi haikumshinda. Wakati wa kurudi, wenye kuvuta kamba huko juu hawakuelewana. Jukwaa lake likapandishwa bila kusimama mpaka karibu metre 10, naye angali anavuta ile ya 4. Akakosa oksijeni, mapovu yakajaa damuni, akafa. 

Kazi yake haikupotea. Mwaka wa 1992, kule Ufaransa, mtu mmoja alivuta hidrojeni na heli ndani ya chumba cha majaribio, akavumilia uzito wa metre 701 za maji. Ziwa Tanganyika, ambamo Lukuga yetu inatoka, lina kina cha metre 1.470!

Wandugu, hesabu ya Zetterström ilikuwa sawa. Kamba ndiyo iliyomwua. Ukishika kamba ya mwenzako, sikia vizuri kwanza, ndipo uvute.